Mashine Mbili za Ostrander

Chini ya ukumbi wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Garrow, ukishuka ngazi kumi na nne na kupita mabomba ya maji moto, kulikuwa na mashine mbili za kufulia zenye majina. Moja iliitwa Ostrander Mkubwa, ya pili Ostrander Mdogo. Verla Dorsett ndiye aliyezibatiza, na chuo kizima kikamwiga, kuanzia wachezaji hadi mkuu wa chuo.

"Mama Verla, jezi yangu iko wapi?"

"Tumboni mwa Mkubwa. Na ukinisumbua, nitaitoa ikiwa ya kumtosha mdogo wako."

Majina yale yalikuwa ya kebehi. Chuo cha Ostrander kilikuwa mwenzetu katika Ligi ya Mito Minne, maili hamsini kaskazini, hapahapa jimboni Indiana. Mwaka mmoja timu yao ilishinda mchezo kwenye mashindano makubwa ya Machi, vichwa vikawavimba, wakahamia ligi nyingine yenye vyuo vya kujulikana. Sasa, fedha za mashindano yale hakipewi chuo, hupewa ligi. Kila mchezo ambao timu inaucheza kule, ligi yake huandikiwa fungu, na fungu hilo hulipwa kidogo kidogo kwa miaka sita, kisha ligi huwagawia wanachama wake. Na kanuni ya Mito Minne, ambayo sisi wenyewe wa Garrow tuliipigia kura, ilisema hivi: anayetoka ametoka, fungu lake linabaki. Ostrander wakaondoka na sifa zao, sisi tukabaki na hela zao. Garrow ikanunua mashine mbili za kufulia na kuziba paa lililokuwa likivuja. Hapa mjini kwetu Lattimer tulicheka mpaka mbavu zikauma. Pale kwenye mkahawa wa Dot mtu aliandika ubaoni "Asanteni Ostrander," na maandishi yale yakakaa hadi Krismasi.

Wahenga walisema mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tulikuwa tukicheka kipara cha mwenzetu, maji hatukuyakumbuka.

Verla alikuja Garrow kama kibarua wa miezi mitatu, mwaka ambao mumewe Orrin alipunguzwa kwenye kiwanda cha fremu za madirisha. Miezi mitatu ikawa miaka. Alifua, akakunja, akashona majina mgongoni mwa jezi. Alijua kutoa damu kwa maji baridi kabla haijakauka, na alijua nani alikuwa akilia kwa siri kwa kuangalia taulo. Wavulana wa futi sita na nusu, waliokuwa wakiwanyamazisha watu elfu nne huko juu, walishuka kwake wakiwa wameinamisha vichwa, kwanza kwa sababu ya mabomba, pili kwa sababu yake.

Chuo kilikuwa na utaratibu mmoja wa zamani: mfanyakazi aliyetimiza miaka thelathini alibaki na bima ya afya mpaka kufa kwake, yeye na mwenzi wake. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la maandishi tu. Kwa Verla lilikuwa ndilo jambo lenyewe, kwa sababu moyo wa Orrin ulikuwa umechoka, na vidonge vilivyouendesha viligharimu kwa mwezi zaidi ya malipo ya nyumba yao. Bila bima ya Garrow hakukuwa na vidonge. Bila vidonge, daktari alianza kusema, kisha akaangalia dirishani.

Timu yetu iliposhinda ubingwa wa ligi, Verla alikuwa na miaka ishirini na minane kasoro miezi miwili.

Mnajua desturi ya kukata wavu. Ukitwaa ubingwa, ngazi husimamishwa chini ya goli, na mmoja mmoja hupanda na mkasi kukata kamba yake. Usiku ule Tavaris Poole, kijana kutoka mji wa Gary aliyefunga pointi thelathini na moja, alikataa kupanda.

"Kwanza Mama Verla," alisema.

"Mimi nina magoti ya miaka hamsini na tisa, wewe mtoto."

"Basi tutakubeba, ngazi na wewe."

Akapanda. Alikata kamba yake, akaitia mfukoni mwa aproni, na nyumbani akaitundika kwa pini kwenye kalenda ya jikoni. Orrin, aliyeangalia mchezo akiwa sebuleni, alikuwa na lake la kusema.

"Nchi nzima imeona soksi zako. Moja nyeusi, moja ya buluu."

"Na timu ikashinda nazo," Verla alijibu.

Machi ile ubingwa ukatupeleka Oklahoma, kwenye yale mashindano makubwa. Hoteli haikuwa na mashine za kutosha, hivyo Verla akabeba jezi zetu hadi kwenye duka la kufulia mtaa wa pili, akazilisha mashine sarafu, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Bwana mmoja aliyevaa kofia ya chuo kikubwa tulichopangiwa nacho alisoma maandishi kifuani mwa jezi.

"Garrow. Huo ni mji, au dawa ya kikohozi?"

"Kesho kutwa utatujua," Verla alimwambia.

Na kweli akatujua. Tuliwafunga kwa pointi mbili. Siku mbili baadaye tukawafunga wengine, wakubwa kuliko wale. Mchezo wa tatu tukapigwa vibaya, lakini nani alijali? Michezo mitatu, mafungu matatu. Nchi nzima ilikuwa ikitamka jina letu na kulikosea. Wanafunzi walioomba kujiunga na chuo waliongezeka maradufu, fulana zikaisha dukani, na gavana, ambaye hakuwahi kufika Lattimer hata kwa kupotea njia, alikuja akala mkate wa nyama ya nguruwe kwa Dot na kumwaga haradali kwenye tai.

Kip Lanham, mkurugenzi wa michezo, alishuka ngazi zile kumi na nne mwenyewe. Alikuwa mtu mwepesi wa kucheka, mwana wa mchungaji, na Verla alimfahamu tangu akiwa mchezaji wa akiba asiyechafua jezi.

"Verla, unajua tumeingiza nini? Mamilioni, kwa miaka sita. Chuo hiki kitapumua." Akampigapiga Mkubwa kama mtu anavyompigapiga ng'ombe. "Mwaka wako wa thelathini umeshalipiwa."

Verla hakuwa mtu wa kuamini maneno ya ofisini, lakini yale aliyaamini. Alikwenda nayo nyumbani, na siku hiyo akanunua nyama nzuri.

Raha ile haikumaliza hata majira ya mahindi. Mwezi Juni barua ikatoka Ligi ya Jamhuri, ile yenye vyuo ambavyo michezo yao huonyeshwa kila Jumamosi. Walikuwa wamepungukiwa mwanachama mmoja, wakatutaka sisi, tena mara moja, kabla msimu haujaanza. Ungeona Lattimer wiki ile. Kinyozi alipandisha bei. Watu waliokuwa wakiuza mayai barabarani wakaanza kuzungumzia hadhi.

Chuo kikaitisha mkutano wa mji pale ukumbini. Bodi ndiyo ingeamua, lakini ilitaka kuona mikono yetu. Lanham alisimama katikati ya uwanja na kipaza sauti, akasema sisi si watu wa mito tena, sisi sasa ni watu wa bahari. Watu wakapiga makofi. Bahari iko maili mia sita kutoka hapa.

Verla alikuwa ameketi safu ya tatu. Alijikuta amesimama.

"Kip, na mafungu yetu matatu?"

"Yapi, Verla?"

"Ya Machi. Kanuni inasema anayetoka anayaacha. Mimi nafulia mashine za Ostrander, nakumbuka."

Lanham akatabasamu, kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliomuumiza Verla baadaye kila alipoukumbuka.

"Hizo ni hela za mboga, Verla. Kule tunakokwenda, fungu moja litakuwa sawa na haya yote. Na timu iliyofanya haya mara moja itafanya tena."

"Verla, rudi kwenye sabuni yako!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka. Alikuwa Merle, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na hakusema kwa ubaya. Tulikuwa tumelewa furaha tu.

Kisha tukaambiwa wanaounga mkono wainue mikono. Ikainuka mikono elfu mbili. Lanham alikuwa akimwangalia Verla. Verla akafikiria miezi yake ishirini na mitatu iliyobaki, akafikiria kwamba mtu asiyeinua mkono hukumbukwa, na akainua wake. Aliona aibu palepale, mkono ukiwa bado juu.

Tukahama. Mafungu yetu matatu yakabaki Mito Minne, yagawanywe na wale tuliowaacha, na wa kwanza kunufaika walikuwa Chuo cha Pellham, maili ishirini na mbili tu kutoka hapa, watani wetu wa jadi.

Kocha aliondoka kwanza. Chuo cha kusini kilimpa mshahara ambao sitautaja, mtaniona mwongo. Wiki mbili baadaye Tavaris Poole alishuka chumba cha kufulia. Alimkuta Verla ameketi chini ya taa, na jezi yake mapajani, akifumua herufi za jina lake kwa mkasi mdogo.

"Kumbe umeshasikia," alisema.

"Zamani jina nililishona mara moja, likakaa miaka minne. Siku hizi nafumua kuliko ninavyoshona."

"Mama Verla, huko ninakohamia wananipa hela ambayo mama yangu hajaiona maisha yake yote. Anasafisha ofisi, usiku. Unajua."

"Najua. Nenda. Nani amekuzuia?"

"Unanikasirikia."

"Nina mkasi mkononi, usiniulize mambo kama hayo." Akafumua herufi ya mwisho, akaipuliza nyuzi. "Damu ikimwagikia jezi huko waambie maji baridi. Wasio na akili hutumia ya moto."

Kijana akainama, akamkumbatia akiwa bado ameketi, akaondoka. Verla hakumlaumu. Kama kuna aliyefanya jambo la maana mwaka ule, ni yeye.

Msimu wetu wa kwanza kati ya wakubwa tulishinda michezo minne. Ishirini na sita tulifungwa, mingine mbele ya watu waliokuwa wakiondoka kabla ya mapumziko kwenda kuepuka msongamano. Na ukubwa una gharama zake. Basi halikutosha tena, ikawa ndege ya kukodi. Ubao wa pointi haukutosha, ikawa skrini ya ukubwa wa ghala. Makocha wasaidizi walikuwa watatu, wakawa saba, na mmoja kazi yake sikuwahi kuielewa. Mgao wa ligi mpya nao, kumbe mwanachama mgeni haupati mzima mpaka mwaka wa tano. Hilo liliandikwa kwenye mkataba, na mkataba ulikuwa na kurasa tisini.

Kwanza walifuta timu ya kuogelea. Kisha tenisi. Mwezi Oktoba wa mwaka wa pili wakamwita Verla juu.

Ofisi ya Lanham ilikuwa imepakwa rangi mpya. Alikuwa amekonda.

"Keti, Verla."

"Nikiketi nitajua ni habari mbaya."

"Ni habari mbaya." Akasogeza karatasi iliyokuwa mezani, akairudisha ilipokuwa. "Kazi ya kufua tunaipa kampuni. Wanakuja na gari, wanachukua, wanarudisha. Ni nafuu. Mwisho wa mwezi huu."

Verla alihesabu, ingawa hesabu hiyo alikuwa nayo kichwani kila asubuhi alipoamka. "Imebaki miezi saba, Kip. Mwezi Mei natimiza thelathini."

"Najua."

"Nipunguzie mshahara. Niache nifagie. Niandike kwenye karatasi tu, nije bure."

"Nimeshawaomba hayo yote. Nimeomba mara mbili. Wanasema wakikupa wewe miezi saba, yuko mtu wa bustani anayedai tisa." Macho yake yalikuwa mekundu, na Verla aliona ni kweli aliomba. Hilo halikumsaidia. Afadhali angekuwa mwovu, angepata wa kumtukana.

"Uliniambia umeshalipiwa. Ule mwaka."

"Ulikuwa umelipiwa, Verla," alisema Lanham kwa sauti ndogo. "Ungekuwa umelipiwa."

Alimpa sanduku la kioo lenye kipande cha wavu wa ubingwa ndani. Verla alimwambia anacho tayari, akakiacha mezani. Kabla ya Krismasi Lanham naye alikuwa ameondoka, amepata kazi kwenye makao makuu ya Ligi ya Jamhuri yenyewe. Mashine za Ostrander ziliuzwa kwa mwenye nyumba za kupangisha.

Mtu akikuambia ng'ombe wa maskini hazai, usimwone mlalamishi. Verla aliandika barua kwa bodi, bodi ikamjibu kwa shukrani. Merle na wenzake wa kanisani walipika chakula cha mchango, maharagwe na kuku wa kuokwa, wakapata vidonge vya miezi miwili. Merle alimshika mkono mlangoni, akataka kusema kitu kuhusu ule mkutano, akashindwa, akauliza kama theluji itaanguka mapema. Verla alitafuta bima ya kununua mwenyewe. Ile aliyoiweza haikuvitambua vidonge vya Orrin, na iliyovitambua hakuiweza.

Asubuhi moja ya Januari alimkuta Orrin mezani jikoni na kisu cha kumenyea viazi, ubao wa kukatia mbele yake, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Unakata nini?"

"Napunguza wafanyakazi," alisema Orrin. Akagawa kidonge katikati, nusu akairudisha chupani.

"Daktari alisema kizima."

"Daktari hajaenda dukani."

Verla alivuta kiti akakaa. Alitaka kumpokonya kile kisu na hakuwa na cha kumpa badala yake. Kipande kimoja kilikuwa kimeruka chini, wakakitafuta wote wawili kwa magoti mpaka wakakipata karibu na jiko. Orrin alipumzika mara mbili kabla ya kusimama.

Februari akasikia Chuo cha Pellham kinatafuta mtu wa kufua. Alijiambia haendi. Pellham, ambao kwa miaka ishirini na tisa alizitandika jezi zao za wageni kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia makusudi, akizinyima ndoano za kutundikia! Akaenda. Walimpa saa kumi na tisa kwa wiki. Kuanzia ishirini wangelazimika kumpa bima, na hawakuwa wajinga. Hela yenyewe ingenunua vidonge, siyo vyote, nusu yake. Alikokotoa akiwa kwenye gari, akaona kwamba kwa kazi hiyo Orrin ataendelea kukata.

Siku ya kwanza alipokewa na msichana aitwaye Shayla, mwenye miaka ishirini na michache, msimamizi wa vifaa vyote vya michezo, mchangamfu, mwenye funguo nyingi shingoni. Hakujua Verla ametoka wapi. Alimtembeza haraka: sabuni hii, mifuko ya wavu ile, soksi asizichanganye, kuna mmoja ana fangasi wa ajabu.

"Mbili hizi ni za zamani, zinatetemeka," alisema Shayla. "Jezi za mchezo usitie humo. Jezi za mchezo tia kwenye Garrow."

"Kwenye nini?"

"Garrow. Ile." Akaonyesha mashine mpya kubwa iliyokuwa kwenye kona, ikimeremeta, na juu ya mlango wake wa kioo kuna kipande cha utepe mweupe chenye jina lililoandikwa kwa kalamu nene. "Ni utani tu. Kuna chuo kimoja hapo jirani walijiona wakubwa, wakahama ligi, hela zao za mashindano zikatubakia sisi. Kocha akasema tusiwasahau." Akacheka. Kisha akauona uso wa Verla. "Samahani, Mama. Wewe si wa huko, au?"

"Nilikuwa."

"Mungu wangu. Nitautoa huo utepe sasa hivi."

"Uache," Verla alisema. "Utani wenyewe naujua, nimeucheka sana."

Alifungua mlango, akaingiza mkono ndani, akaizungusha ngoma ya chuma taratibu kama alivyozoea kupima mashine ngeni. Ilizunguka bila kelele. Ilikuwa mashine nzuri, nzuri kuliko Mkubwa. Akaanza kuingiza jezi za Pellham moja moja, akizigeuza ndani nje ili majina yasichakae, na kwenye moja akakuta damu kolani, akaitenga kwa ajili ya maji baridi.

Shayla alikuwa bado amesimama, akitafuta neno la kupooza mambo.

"Mwakani tutanunua na ya kukaushia," alisema. "Kocha anasema bado tuna miaka minne ya hela yenu."

"Mitano," alisema Verla. "Umelipwa mmoja tu." Akafunga mlango, akapima sabuni, akaiwasha.